Bawaba za Gereji ya Baba

Kaka yangu alinipigia simu Jumapili moja nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kanisani, viatu vya kubana bado miguuni, akaniambia kwamba vitu vya Baba vinaoza. Alisema hivyo hivyo, vinaoza, kama vile spana ni viazi.

"Bati linavuja," alisema. "Yale masanduku yamelowa chini yote. Mdogo wangu, mwenye mkono wa kazi hizi ni wewe. Njoo likizo ya Juni ututengenezee makabati pale gerejini, tuvipange vizuri, kama alivyokuwa anapenda mwenyewe."

Nilimwambia mume wangu kabla hata sijavua viatu. Alicheka kuniona nilivyochangamka. Alisema watu wengine hufurahi wakiitwa kwenye harusi.

Hakuwa amenielewa, na mimi sikumweleza. Baba yetu alikuwa fundi wa malori Iringa, na malori yalipoanza kumshinda nguvu alijenga gereji ubavuni mwa nyumba yetu Mlandege, akawa anatengeneza magari madogo ya majirani. Kaka alikuwa seminari, anakuja nyumbani likizo tu. Aliyekuwa anashika taa na kumpa Baba spana ni mimi. Kazi za magari zikipungua aligeukia mbao, na milango yote ya nyumba ile aliitengeneza mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa juu ya ubao usicheze wakati anakata. Ndivyo nilivyojifunza. Sasa nafundisha fizikia sekondari Mbeya, lakini kitanda cha wanangu nilikitengeneza kwa mikono yangu, na shemeji zangu hunitania kwamba kaka yao ameoa mke anayenuka vumbi la msumeno.

Tangu Baba azikwe, hakuna mtu aliyekuwa ameniomba chochote kinachomhusu. Kwenye kikao cha ukoo, kaka alipopendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, nilinyoosha mkono kumuunga mkono. Baba mdogo alinishukuru mbele ya watu kwa kutoleta matatizo. Alisema wako mabinti wengine, wameshaolewa kwao huko, halafu wanarudi kuhesabu mabati ya baba yao. Nikatabasamu. Nilidhani ananisifu.

Kwa hiyo simu ile niliipokea kama mtu aliyeitwa arudi ndani.

Vipimo nilivichukua Pasaka, Mama akinishikia mwisho wa futi. Niliamua makabati yasimame ukuta mzima wa kushoto, milango yake ya mbao za paina, na ndani ya kila mlango nipigilie vijiti vya kuning'inizia spana, ndogo juu, kubwa chini, kwa mpangilio ule ule aliokuwa nao Baba ukutani. Ndani mashelfu ya jeki, vaisi ya kubania vyuma, na makopo ya skrubu. Nilimweleza Mama. Alisema, "Sawa, mwanangu," akaingia ndani kuangalia maharage. Nilidhani ni kumbukumbu zinamsumbua.

Nilihangaika na bawaba kuliko na kitu kingine chochote. Asiyewahi kutengeneza kabati hudhani bawaba ni bawaba, unachukua zilizopo unafunga. Lakini mlango wangu ulikuwa wa kubeba vyuma. Kila spana utakayoning'iniza inauvuta ule mlango chini na mbele, na uzito wote huo unaishia kwenye skrubu chache ubavuni.

Kuna duka la vifaa vya ujenzi karibu na Mwanjelwa ninapopenda kununua. Mwenyewe ni mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kinanifanya nione cha kwangu kama kimechongwa kwa panga. Nilimkuta anapanga makufuli.

"Kabati la nini, mwalimu?" aliniuliza.

"La gereji. La vifaa vya marehemu baba yangu."

"Mwenyezi Mungu amrehemu. Na mlango utabeba kitu au utafunga tu?"

"Utabeba. Spana nzito nzito."

Alitandika gazeti juu ya kaunta, akazipanga. Zilikuwepo za shaba, nzuri kwa macho, laini mno. Zilikuwepo zile za kisasa zinazojificha ndani ya mlango, unatoboa tundu la mviringo, unaichomeka, mlango ukifungwa huioni kabisa, na unajifunga wenyewe taratibu bila kugonga. Zilikuwepo ndefu kama za geti, zinazolala juu ya ubao wote. Na zilikuwepo zile za kawaida za chuma, kurasa mbili kama kitabu na pini katikati, lakini nene, za kuwekwa tatu tatu kila mlango.

Nilinunua za kujificha jozi moja na zile nene jozi moja, nikaenda kujaribu nyumbani. Nilitengeneza milango miwili midogo, nikaifunga kwenye fremu ya stoo yetu, kila mmoja nikauning'inizia ndoo ya mchanga. Wanangu walikuwa wakipita wanaifungua na kuifunga kwa makusudi, maana niliwaruhusu. Wiki haikuisha, mlango wa bawaba za kujificha ukaanza kuinama, skrubu zake fupi zikawa zinatoka na unga wa mbao. Ule mwingine ulikaa vile vile. Nikapiga picha zote mbili, nikamtumia kaka.

Alinipigia jioni ile ile.

"Hizi nene ni za zamani," alisema. "Zinaonekana kwa nje. Weka zile zisizoonekana."

"Kaka, hujaona picha? Zile hazibebi."

"Utafunga vizuri zitabeba. Nataka mlango ukifungwa uwe bapa, msafi. Siku hizi watu wanapenda hivyo."

"Watu gani? Nani atakuja kutazama spana za Baba?"

Akacheka. "Wewe nawe! Nasema tu. Gereji nayo ipendeze."

Nilimwambia nitazipaka rangi moja na mlango, hazitaonekana sana. Akasema tutaona. Nilinunua zile nene za kutosha, mzee akazifunga kwenye gazeti na kunitakia safari njema.

Juni Iringa ni baridi ya kukaza vidole. Nilifika nikamkuta Mama amejifunika vitenge viwili, akanipokea begi. "Kamwene," nilimwamkia. "Kamwene," aliitikia, akalishika begi kwa mikono miwili. "Umebeba mawe?" Nikamwambia ni bawaba. Hakucheka.

Gereji ilikuwa tupu. Nilitegemea kukuta masanduku, niyasogeze pembeni nifanye kazi. Kulikuwa na sakafu iliyofagiliwa na alama za mafuta meusi ambazo hazitoki. Nilipomuuliza kaka, aliyekuwa amekuja na mbao kwenye pikapu ya kukodi, alisema ameyahifadhi kwa rafiki yake ili yasishike vumbi la kazi. Niliona ametumia akili. Nilimshukuru hata.

Nilifanya kazi kwa furaha siku zile, lazima niseme hivyo. Nilikuwa naamka asubuhi, navaa ovaroli ya Baba iliyokuwa imebaki nyuma ya mlango wa stoo, nakunja mikono yake, naanza. Nilipiga randa mpaka gereji nzima ikanuka paina. Skrubu nilizisugua kwenye sabuni ya mche kabla ya kuziingiza, kama alivyonifundisha, ziteleze zisipasue mbao. Mama alikuwa ananiletea uji, anasimama mlangoni, anatazama, anaondoka. Mara moja alisema, "Unafanana naye ukiinama." Kisha akafuta macho kwa kitenge na kusema ni moshi.

Siku ya kufunga milango kaka alikuja na mfuko. Ndani zilikuwa bawaba za kujificha, mpya, zinang'aa.

"Nimekununulia hizi," alisema.

"Kaka, tulishazungumza."

"Tulizungumza, lakini hatukukubaliana. Mimi ndiye nitakayekuwa naziona kila siku. Wewe unarudi Mbeya."

"Utaziona zikiwa zimeng'oka. Nimejaribu kwa ndoo ya mchanga, kaka. Nimejaribu!"

Alianza kuongea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na mambo ya bawaba hayakuhitaji sauti ile. Alisema mimi siku zote nataka langu, kwamba Baba alinidekeza, kwamba kusoma fizikia hakunifanyi nijue kila kitu. Mama alitoka jikoni.

"Mwanangu," alinishika bega, "mwachie kaka yako. Kama anazitaka zile, weka zile."

"Mama, zitaanguka na vyuma vya Baba juu ya miguu ya mtu."

"Hazitaanguka," alisema, akinitazama kifuani, si usoni. "Weka tu."

Kwa heshima ya Mama nilifunga milango miwili ya mbele kwa bawaba za kaka. Nikasema moyoni kwamba mule nitaweka vitambaa na makopo matupu. Iliyobaki nikaifunga kwa zile zangu. Kaka hakubisha tena. Alijaribu kuifungua na kuifunga ile miwili ya mbele mara nyingi, akisikiliza inavyojifunga taratibu, na uso wake ukatulia.

Kesho yake nilikuwa nimepiga goti, nimeegemeza mlango wa mwisho kwa bega, bisibisi mkononi, niliposikia gari limesimama nje. Kaka aliingia na mwanamume na mwanamke, mke na mume, wamevaa vizuri, watu wa rika langu. Niliwaamkia. Waliniitikia kwa adabu, na macho yao yakapita juu yangu kwenda ukutani.

"Hii ndiyo gereji," kaka alisema.

Yule mama alienda moja kwa moja kwenye milango ya mbele. Akaufungua mmoja, akauachia. Ukajifunga wenyewe polepole. Akamwangalia mumewe akatabasamu.

"Na makabati haya yanabaki?"

"Kila kitu kinabaki," kaka alisema.

Nilikuwa bado nimebeba mlango kwa bega. Sikusimama. Nadhani nilifikiri nikisimama nitakuwa nimesikia.

Yule mama aliinama kidogo kwangu, kwa upole kabisa, sina la kumlaumu. "Fundi, hongera, unajua kazi. Sijawahi kuona fundi mwanamke wa mbao. Tukihamia, unaweza kututengenezea na jikoni hivi hivi?"

Nilimtazama kaka. Nilimtazama ili aseme. Sentensi ilikuwa fupi, ya maneno matatu tu: huyu mdogo wangu. Ningemsamehe mengi kwa sentensi ile, na ninajua hivyo mpaka leo.

"Anatoka Mbeya huyu," alisema, "lakini namba yake nitawapa."

Nyuma yao, kwenye mlango wa jikoni, Mama alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Alisikia yote. Akageuka akaingia ndani.

Nilimalizia skrubu niliyokuwa nimeianza. Wageni walizunguka nyumba, nikasikia nyayo zao chumbani kwa Baba, kisha chumbani kwangu, kisha gari likaondoka. Kaka alirudi akasimama pale penye alama za mafuta.

"Ningekuambia ungekataa," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Unauza nyumba ya Baba."

"Mama atakuja kukaa kwangu. Hapa yuko peke yake, mchwa wanakula kenchi za paa, na mimi siwezi kuishi kwa kukimbia huku na huko. Fungu lako utapata, kila mtu atapata. Mimi si mwizi."

"Sijakuita mwizi. Masanduku yako wapi?"

Akasugua alama ya mafuta kwa kiatu.

"Kaka. Spana za Baba ziko wapi?"

"Madibira. Kuna fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Anazitumia, haziozi."

"Umempa au umemuuzia?"

Alitazama mlango wa jikoni kama mtoto anayetafuta wa kumtetea.

"Sasa haya makabati ni ya nini?" niliuliza, ingawa nilishajua. "Ulinitoa Mbeya nije nitengeneze makabati ya vitu ambavyo havipo?"

"Walikuja watu wengine kabla ya hawa. Walisema nyumba nzuri, gereji ni jalala. Nikafikiria nani atairekebisha vizuri. Fundi wa mtaani angeniharibia." Akashusha sauti, na nadhani kweli aliona ananipa heshima. "Nilihitaji mtu wa kuaminika."

Nilienda jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria bado mapajani, haina kitu ndani.

"Ulijua, Mama?"

"Nilijua."

"Tangu Pasaka? Uliponishikia futi?"

"Nilijua utakataa," alisema. "Na kaka yako angegombana na wewe, na mimi ningekaa katikati. Nimechoka, mwanangu. Usiku nyumba hii inalia. Nikasema acha kwanza ufanye kazi ya baba yako, ufurahi, tutakuambia baadaye."

"Mngeniambia lini?"

Akaigeuza sufuria mapajani. Nilimwona jinsi alivyozeeka, na nilikuwa na hasira mno hata nisiweze kumwonea huruma. Huruma ilikuja baadaye, nikiwa mbali.

Nilirudi gerejini nikachukua bisibisi. Nilianza na mlango wa mwisho, ule niliokuwa nimetoka kuufunga, nikatoa skrubu moja moja, nikauegemeza ukutani. Nikaenda wa pili yake.

"Unafanya nini?" kaka aliuliza.

"Nafungua vya kwangu. Mbao ulinunua wewe, zinabaki. Na hiyo milango yako miwili inabaki. Bawaba hizi nilinunua mimi."

"Usifanye mambo ya kitoto. Wanarudi Jumatano!"

"Waambie fundi wa Mbeya ameondoka."

Alinishika mkono. Hakunishika kwa nguvu, lakini alinishika, na tangu tukiwa watoto hajawahi kunishika hivyo. Nilimtazama mpaka akaachia. Mama aliita kutoka jikoni, "Mwanangu, si vyuma tu hivyo?" Nikamjibu kwamba ndiyo, ni vyuma tu, na nikaendelea. Sikutaka kuvunja kitu. Milango niliipanga vizuri, wa kwanza mpaka wa mwisho, upande laini ndani usichunike. Ovaroli niliikunja nikaiweka kwenye begi bila kumwomba mtu.

Nilipanda basi la mchana. Makambako niliona abiria wanashuka kununua mahindi ya kuchoma, nami nikabaki kwenye kiti. Basi liliposimama Igawa, mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimetoka kusalimia nyumbani. Kufika hapo ndipo nikalia, na yeye, Mungu ambariki, hakuuliza tena, alinipa tu upande wa khanga yake.

Mume wangu alikasirika kuliko mimi. Alisema twende mahakamani, tuweke pingamizi, mrithi ana haki ya kusikilizwa, aliyeolewa na asiyeolewa. Alikuwa sahihi. Nilifikiria siku nyingi. Niliona Mama ameitwa kusimama mbele ya hakimu aseme nani kati ya watoto wake anasema kweli, na nilijua angesimama upande wa yule aliyempa pa kuishi. Sikutaka kumsikia akisema. Nikaacha. Si kwa sababu nina moyo mkubwa. Niliogopa jibu lake, basi.

Bawaba nilizipeleka shuleni. Makabati ya maabara yetu yalikuwa yamelegea milango miaka mingi, nikazifunga kipindi cha mchana, wanafunzi wakidhani mwalimu ameadhibiwa. Mzee wa duka aliponiuliza kama zilifaa gereji, nilimwambia zilifaa sana. Alifurahi.

Nyumba iliuzwa. Fungu langu kaka alinitumia bila kupunguza, na hata hilo lilinikera, maana liliinyima hasira yangu mahali pa kushika. Naenda Iringa kumwona Mama, analala chumba kizuri chenye dirisha la vioo, amenenepa kidogo, hasikii tena nyumba ikilia. Tunazungumza habari za kwaya na bei za mbegu. Habari za gereji hatuzigusi. Kuna siku alianza, "Siku ile mwanangu..." nikamwuliza kama ameshameza dawa za presha.

Desemba iliyopita kaka alikuja Mbeya kwa shughuli zake, akapita kwangu na gunia la mchele. Nilimpokea mlangoni. "Shikamoo, kaka." "Marahaba, mdogo wangu." Nilimtandikia shuka zilizopigwa pasi, nikamwonyesha choo kilipo na jinsi ya kufungua maji ya moto, ingawa amewahi kulala kwangu mara nyingi. Aliwasifu watoto jinsi walivyokua. Akasifu maua. Tukaongea mvua.

Nikamletea chai. Nimemjua mtu huyu tangu sijajua kutembea, na kama ungeniamsha usingizini ningekuambia anavyokunywa chai yake. Niliinama na sinia, nikamwuliza, "Unatumia sukari?"

Alinitazama muda. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu.

"Ndiyo," alisema. "Kidogo tu. Asante."